Fedha ya Kuchovya: Historia ya Vibonyezo vya Klarineti

Kwetu sisi habari ya klarineti huanzia kwenye mpingo na kuishia hapo hapo. Watu wa Kilwa na Lindi wanajua kwamba mti huo mweusi, mzito kiasi cha kuzama ukitupwa majini, hukatwa na kupasuliwa, kisha husafirishwa hadi Ulaya kukerezwa kuwa ala za muziki. Ni habari ya kweli, lakini ni nusu tu. Atakayeishika klarineti ya kawaida ya mfumo wa Kifaransa atahesabu vibonyezo 17 na pete 6, na nguzo ndogo ndogo, fito, skrubu na springi zinazovishikilia mahali pake, na ataona kwamba vidole vya mpigaji hukutana na metali mara nyingi kuliko vinavyokutana na mti. Metali hiyo nayo ina historia, tena yenye mizozo mingi kuliko ya mpingo. Hoja ninayotaka kuitetea hapa ni kwamba ule weupe unaong'aa juu ya mpingo mweusi, ambao leo tunauona kama sura ya asili ya klarineti, haukuletwa na muziki wala urembo. Uliletwa na mambo mawili: vidole vilivyoanza kugusa metali kila dakika, na bei ya fedha halisi ambayo wapigaji wengi hawakuimudu. Kung'aa kulikuja kama mgeni, kisha mgeni akajifanya mwenye nyumba, na tangu hapo vibonyezo vimekuwa vikisuguliwa hadi kulika ili kumfurahisha.

Tuanze na wakati ambapo hakuna aliyejali. Klarineti ilizaliwa Nuremberg, mikononi mwa Johann Christoph Denner, mwanzoni mwa karne ya 18. Mti wake ulikuwa buksi, mti mgumu wa Ulaya wenye rangi ya manjano, na vibonyezo vyake vilikuwa viwili tu, vya brasi, yaani shaba iliyochanganywa na zinki. Manjano juu ya manjano. Fundi alikata kipande cha bamba la brasi, akakifua, akakilainisha kwa tupa, akakiwekea springi bapa kwa chini na kipande cha ngozi cha kuzibia tundu, basi. Kufikia siku za Mozart, aliyeandika konseto yake ya klarineti mwaka 1791, vibonyezo vilikuwa vitano kwa kawaida, na wapo waliokuwa wameongeza cha sita. Lakini hata hapo kazi kubwa ya vidole ilikuwa kuziba matundu yaliyotobolewa kwenye mti wenyewe. Kibonyezo kiliguswa pale noti fulani ilipohitajika, kisha kikaachwa. Brasi ikapoteza mng'aro, ikawa ya kahawia, na mti ukakolea rangi pamoja nayo. Matajiri wachache waliweza kuagiza vibonyezo vya fedha halisi, kama walivyoagiza pete za pembe za ndovu, lakini hiyo ilikuwa alama ya kipato.

Hali ilibadilika kwa hatua mbili, na zote zilitokea Paris. Mwaka 1812 Iwan Müller, mpigaji aliyezaliwa Reval, mji unaoitwa Tallinn leo, alipeleka mbele ya kamati ya Conservatoire, chuo cha muziki cha mji huo, klarineti yenye vibonyezo 13 ambayo alidai ingeweza kupiga funguo zote za muziki bila mpigaji kubadilisha ala. Kamati ilimkatalia. Sababu yao ilikuwa kwamba klarineti za ukubwa tofauti zina sauti tofauti, na kuzifuta zote kwa ajili ya moja kungewanyima watunzi rangi za sauti walizozoea. Wapigaji hawakuisubiri kamati. Ala ya Müller ikaenea. Kwa upande wetu jambo lenye uzito zaidi ni pedi zake: aliacha kipande bapa cha ngozi, akatumia pedi zilizojazwa sufu ndani ya vikombe vidogo vya metali, na matundu akayachonga yawe na kingo za kuzipokea. Pedi hizo ziliziba vizuri, na ala yenye vibonyezo vingi ikaacha kuvuja hewa. Kuanzia hapo hapakuwa tena na sababu ya kuogopa kuongeza kibonyezo kingine, na kingine.

Hatua ya pili ndiyo iliyoamua. Hyacinthe Klosé, mpigaji na mwalimu, akishirikiana na fundi Louis-Auguste Buffet, alichukua wazo la pete ambalo Theobald Boehm wa Munich alikuwa amelitumia kwenye filimbi yake ya mwaka 1832, akalihamishia kwenye klarineti. Ala yao ilionyeshwa Paris mwaka 1839. Pete huzunguka tundu. Kidole kinapoziba tundu hukandamiza pete pia, na pete hiyo, kwa kupitia fito, hufunga tundu jingine lililo mbali. Matundu saba huzibwa moja kwa moja na vidole, na kati ya hayo sita yana pete. Kidole kimoja tu, cha pete cha mkono wa kushoto, ndicho kinachobaki kugusa mti mtupu. Vidole vidogo viko juu ya vibonyezo muda wote, na kidole gumba cha kulia kimebeba uzito wa ala nzima juu ya kipande cha metali. Metali ambayo Denner aliiweka pembeni, mpigaji wa Klosé aliishika kwa muda wote wa onyesho.

Sasa jasho la binadamu lina chumvi na asidi, na brasi haivumilii vyote viwili. Shaba iliyomo huyeyuka kidogo kidogo na kuacha rangi ya kijani, kwenye metali na kwenye ngozi. Kidole hunuka. Mpigaji anayefanya mazoezi saa kadhaa kwa siku huondoka na alama ya duara kwenye ncha za vidole vyake, na pete nazo hupata vishimo na kukwaruza. Fedha halisi ingetatua shida hiyo, maana jasho haliidhuru hivyo, lakini vibonyezo 17 na pete 6 na fito zake zote kwa fedha tupu ni mzigo wa gharama ambao hata matajiri wangeutafakari mara mbili. Tena fedha tupu ni laini. Fito ndefu nyembamba hujipinda, na ikijipinda kwa unywele mmoja tu pedi haifungi.

Dawa ya nusu ya tatizo hilo ilikuwa tayari ipo, na ilikuwa imetoka mbali. Kwa muda mrefu Wachina walikuwa wakiuza kupitia Canton aloi nyeupe iitwayo paktong, ya shaba, nikeli na zinki, na Wazungu waliipenda kwa vinara vya mishumaa bila kujua imetengenezwaje. Mwaka 1776 Msweden Gustav von Engeström aliichambua na kuonyesha kwamba weupe wake unatokana na nikeli. Mwaka 1819 Maillot na Chorier wa Lyon wakatoa aloi yao ya aina hiyo, na Wafaransa wakaiita maillechort. Mwaka 1823 Ernst August Geitner akafanya hivyo hivyo Schneeberg, katika jimbo la Saxony, jimbo lile lile lenye mji wa Markneukirchen ambao mafundi wake wa ala walikuwa wakijulikana Ulaya nzima. Aloi hiyo ilikuwa zawadi kwa fundi wa vibonyezo. Ni ngumu kuliko brasi, inakaa ilivyonyooshwa, inafuata tupa vizuri, na inalehemika bila taabu. Watu wengi wanaiita fedha ya Kijerumani, ingawa hakuna hata chembe ya fedha ndani yake.

Lakini ilikuwa nusu ya dawa tu. Weupe wake hupauka na kuelekea umanjano, na kwa kuwa zaidi ya nusu yake ni shaba, jasho huipata pia, na kijani hujitokeza kwenye kona za nguzo. Mpigaji alihitaji ugumu wa aloi hii kwa ndani na utulivu wa fedha kwa nje. Njia za zamani za kuweka fedha juu ya metali nyingine hazikumfaa. Ile ya Sheffield, iliyogunduliwa na Thomas Boulsover katika miaka ya 1740, ilikuwa kuyeyusha bamba la fedha juu ya bamba la shaba na kuyapitisha pamoja kwenye roli. Inafaa kwa sinia na birika, lakini kibonyezo hufuliwa, hukatwa na kupigwa tupa pande zote, na kila kingo ingeonyesha wekundu wa shaba. Njia nyingine ilitumia zebaki: metali ya thamani huchanganywa na zebaki, hupakwa, kisha zebaki hufukuzwa kwa moto. Mvuke wake uliwatetemesha mafundi mikono na kuwaua mapema.

Mwaka 1840 ndugu wa familia ya Elkington wa Birmingham walipata hataza iliyobadilisha biashara hiyo yote. John Wright, daktari wa mji huo huo, alikuwa amegundua kwamba fedha ikiwekwa ndani ya maji yenye sianidi ya potasiamu na kupitishiwa umeme, hujishikiza juu ya metali nyingine kwa tabaka lililo sawa na imara. Mwaka 1842 Charles Christofle akanunua haki za kutumia njia hiyo Ufaransa. Kazi yenyewe, yaani kuchovya, haina fumbo. Kibonyezo husafishwa mafuta yote, hufungwa waya wa shaba na kuning'inizwa ndani ya beseni. Mbele yake hutundikwa bamba la fedha safi. Umeme ukipita, bamba hulika taratibu na fedha yake huhamia kwenye kibonyezo, ikipanda hata nyuma ya mkono wake na ndani ya kikombe cha pedi ambako hakuna mkono wa binadamu ungeweza kufika. Unene wake hupimwa kwa mikroni, yaani sehemu za elfu za milimita. Zingatia jambo hili: kibonyezo cha siku zile hakikutoka kwenye beseni kiking'aa. Kilitoka kikiwa cheupe kama maziwa, kimefifia, bila mng'aro wowote. Mng'aro uliongezwa baadaye kwa mkono, kwa kusuguliwa na chombo cha chuma kilicholainishwa au jiwe la agati, na Sheffield kazi kama hiyo kwa vijiko na uma ilibebwa zaidi na wanawake. Ulinzi ulikuwa umekamilika ndani ya beseni, na kung'aa kulitozwa bei yake peke yake.

Hapa ndipo pingamizi la kwanza linapoingia, na si dogo. Msomaji wa historia ya bendi ataniambia kwamba karne ya 19 ilikuwa karne ya gwaride. Mwaka 1845 Ufaransa ilizipanga upya bendi zake za jeshi chini ya ushawishi wa fundi wa ala Adolphe Sax. Mwaka 1857 Waingereza wakafungua shule ya muziki wa kijeshi Kneller Hall. Majeshi yalinunua klarineti kwa wingi, na jeshi hupenda vitu vinavyometa juani. Je, si dhahiri kwamba fedha ilipakwa ili kumeta? Nakubali kwamba jeshi liliipenda sura hiyo na kuisambaza hadi makoloni. Lakini tukitazama ala zenyewe, hoja hiyo haisimami peke yake. Kama gwaride lingekuwa chanzo, tarumbeta ndizo zingetangulia, kwa kuwa ndizo kubwa na ndizo zinazoonekana kutoka mwisho wa uwanja. Ilhali tarumbeta nyingi ziliachwa brasi tupu kwa miongo mingi, zikisuguliwa na askari kila asubuhi. Pili, aloi ya nikeli ikisuguliwa hung'aa karibu kama fedha. Anayetafuta kung'aa pekee hana haja ya kulipia tabaka la fedha juu ya metali ambayo tayari ni nyeupe. Anayelipia ni yule ambaye vidole vyake viko juu yake.

Kuna pingamizi la pili, la wakati. Klarineti za mwanzo za mfumo wa Klosé zilizobaki kwenye makumbusho, baadhi yake ni za buksi na vibonyezo vyake ni brasi, kwa hiyo pete zilikuja kwanza na weupe ukafuata nyuma. Ni kweli, na inafaa iwe hivyo. Nikeli ilikuwa ghali hadi machimbo ya New Caledonia, ambayo mhandisi Jules Garnier alikuwa ameyatambua katika miaka ya 1860, yalipoanza kutoa madini kwa wingi muongo uliofuata. Mafundi wa La Couture-Boussey, kijiji cha Normandy kilichoishi kwa kutengeneza ala za mbao, walikuwa na mabamba ya brasi, vifaa vya brasi na mazoea ya brasi. Mahitaji ya vidole yalianza mwaka 1839, lakini bei ndiyo iliyotoa ruhusa. Miaka hiyo hiyo buksi nayo ilikuwa ikiachiwa nafasi na miti myeusi, na mwishoni mwa karne mpingo wa Msumbiji na wa pwani yetu ukatawala. Hivyo sura ya manjano juu ya manjano ikageuka kuwa nyeupe juu ya nyeusi, na vizazi vilivyofuata havikuwahi kuona nyingine.

Mshindani wa fedha alitokea Marekani. Isaac Adams wa Boston alipata hataza ya kuchovya kwa nikeli mwaka 1869, na njia yake ikawa rahisi kiasi cha kuingia kwenye kila kiwanda. Nikeli ni ngumu, ni rahisi, na haigeuki nyeusi. Hadi leo watengenezaji huuza klarineti ya namna moja kwa bei mbili, yenye vibonyezo vya nikeli na yenye vibonyezo vya fedha. Mtu anaweza kuuliza: kama lengo ni ulinzi na si urembo, kwa nini nikeli isimalize mjadala? Kwa sababu hoja ni ya vidole. Nikeli huteleza kidole kikilowa jasho, ndivyo wapigaji wengi wanavyosema, na wapo watu ambao ngozi zao huikataa kwa vipele na muwasho. Umoja wa Ulaya uliweka masharti mwaka 1994 juu ya nikeli katika hereni na vitu vingine vinavyokaa mwilini kwa sababu hiyo hiyo. Jasho la baadhi ya watu huifanya iwe na ukungu ambao haufutiki. Kwa mtu ambaye ngozi yake haina shida nayo ni chaguo zuri, na sioni sababu ya kumdharau.

Fedha ina aibu yake moja: inageuka nyeusi. Adui ni salfa. Hewa yenye gesi za salfa ikiigusa fedha huunda utando wa salfaidi ya fedha, kwanza wa manjano, halafu kahawia, halafu samawati, mwisho mweusi, na rangi hizo hubadilika kwa kadiri utando unavyonenepa, ingawa unene wenyewe ni mdogo mno. Karne iliyobuni fedha ya kuchovya ndiyo pia iliyojaza majumba ya muziki gesi ya makaa ya mawe kwa ajili ya taa, na gesi hiyo ilikuwa na salfa. Michael Faraday, aliyeweka kanuni za umeme ambazo beseni la Elkington linazifuata, ndiye huyo huyo aliyeitwa kuchunguza kwa nini ngozi ya viti vya klabu ya Athenaeum mjini London inaoza, akaulaumu moshi wa taa za gesi. Ukumbi wa Savoy, wa kwanza London kuwashwa wote kwa umeme, ulifanya hivyo mwaka 1881 tu. Kwa hiyo wapigaji wa miaka ile waliketi kila usiku ndani ya hewa inayoipaka fedha weusi, na tabia ya kusugua kila wiki ilizaliwa katika mazingira hayo.

Taa za gesi zimekwisha, lakini adui mwingine alihamia ndani ya kasha lenyewe. Tangu katikati ya karne ya 19 midomo ya klarineti hutengenezwa kwa eboniti, yaani mpira uliopikwa na salfa nyingi hadi ukawa mgumu kama pembe. Mdomo wa zamani ulioachwa kwenye mwanga hugeuka kijani au kahawia, kwa kuwa salfa iliyomo inajitokeza juu. Ukifungiwa kwenye kasha pamoja na vibonyezo vya fedha kwa miezi, na kasha lenyewe likiwa limetandikwa kitambaa cha sufu, ambayo nayo ina salfa, mwenye ala atafungua na kukuta vibonyezo vimekuwa vyeusi bila mtu kuvigusa. Wengi hulaumu ubora wa uchovyaji. Uchovyaji hauna kosa.

Swali ni kama weusi huo unadhuru. Watu wanaufananisha na kutu ya chuma, na hapo ndipo kosa linapoanza. Kutu ya chuma hupasuka, hudondoka na kuifungulia hewa njia ya kula tabaka la chini. Salfaidi ya fedha hushika imara, hukua polepole, na kadiri inavyonenepa ndivyo inavyozidi kuchelewa. Ushahidi unaonekana kwa macho kwenye klarineti yoyote kuukuu. Chunguza kibonyezo cha kidole kidogo cha kushoto. Sehemu ya juu, palipopita kidole na kitambaa miaka yote, fedha imechujuka na aloi ya chini inaonekana, imepauka na yenye madoa. Kingo za pete zimelika vile vile. Lakini kwenye kona ambayo mkono unakutana na fito, nyuma ya nguzo, chini ya kikombe, pamejaa weusi mzito, na ukiuondoa kwa uangalifu unakuta fedha ya siku ya kwanza, nzima kabisa. Kidole kina sehemu yake katika hasara hiyo, sikatai, na hakuna wa kukizuia. Lakini kidole hakifiki ubavuni mwa kikombe wala juu ya fito ndefu, na fedha imeondoka huko pia. Huko hufika kitambaa na dawa.

Na dawa hizo mara nyingi ziliazimwa kambini. Brasso, iliyoanza kuuzwa Uingereza mnamo 1905 na ambayo mtu yeyote aliyepitia jeshi au skauti Afrika Mashariki anaijua kwa harufu, ilitengenezwa kwa ajili ya vifungo vya brasi na bizimu za mikanda. Mchanganyiko wake wa asili una unga wa silika unaokwangua na amonia inayoyeyusha shaba. Kifungo kina unene wa kutosha kukwanguliwa miaka 20. Tabaka la fedha lenye mikroni chache halina. Kuhusu amonia, jeshi la Uingereza nchini India lilikuwa limeshapata somo lake: maganda ya risasi ya brasi yaliyohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi yalipasuka yenyewe msimu wa mvua, na mwaka 1921 wataalamu wakathibitisha kwamba mvuke wa amonia kutoka kwenye mkojo wa farasi ndio uliopenya kwenye brasi iliyokuwa imekazwa. Sisemi kwamba kibonyezo kitapasuka kwa kupakwa dawa mara moja. Ninasema kwamba unga uleule huingia kwenye maungio ya fito, ukachanganyika na mafuta na kuwa msasa unaosaga skrubu kila kibonyezo kinapobonyezwa, na maji yake hulowesha pedi hadi zikakakamaa. Ala inayometa ikaanza kugonga-gonga na kuvuja hewa, na mwenyewe asijue ni kwa nini.

Pingamizi linalostahili heshima zaidi ni hili: weusi ukiachwa, uchafu nao utaachwa, na uchafu unadhuru kweli. Hapo lazima tutenganishe mambo ambayo kitambaa cha kung'arishia huyachanganya. Utando mweusi haudhuru. Jasho na chumvi vinadhuru, hasa pwani, ambako hewa yenyewe ina chumvi na unyevu. Vikiingia kwenye kijitundu chochote cha tabaka la fedha au nikeli, aloi ya chini huanza kutoa kijani, na kijani hicho huinua tabaka la juu hadi likabanduka. Mate yanayotiririka kwenye matundu nayo yanadhuru. Na kutu halisi ipo pia ndani ya klarineti, ila haipo kwenye fedha: springi za sindano, skrubu na fito nyingi za ndani ni za chuma cha kawaida, springi mara nyingi zikiwa zimepigwa moto hadi zikawa za buluu, na hizo zikishika kutu hukatika au hugandamana zisitoke tena. Tone la mafuta kwenye ungio ni kinga bora kuliko nusu saa ya kusugua. Anayesugua juu na kusahau ndani amehudumia macho ya watazamaji na kuacha ala ife.

Sauti pia huletwa kwenye mjadala huu. Wapo wanaoamini kwamba fedha huipa klarineti sauti tamu na nikeli huipa sauti kali, na kwamba weusi huizima. Mwanafizikia John Backus alipima mwaka 1964 iwapo ukuta wa ala za mbao wenyewe hubadilisha sauti inayoendelea, akakuta tofauti ndogo isiyo na maana. Mwaka 1971 John Coltman akafanya jaribio kama hilo kwa filimbi za metali na mbao, na wasikilizaji hawakuweza kuzitenganisha. Ikiwa ukuta unaoizunguka hewa yote hausikiki, tabaka la mikroni chache juu ya kibonyezo kilicho nje ya bomba halitasikika.

Waliofikia mapema msimamo huu wa kutosugua ni watu wa makumbusho. Sir Nicholas Shackleton, mwanajiolojia wa Cambridge aliyekuwa miongoni mwa waliothibitisha mwaka 1976 kwamba mzunguko wa dunia huendesha vipindi vya barafu, alikuwa pia mkusanyaji mkubwa wa klarineti, na alipofariki mwaka 2006 mkusanyo wake wa mamia ya ala uliachwa kwa Chuo Kikuu cha Edinburgh. Kwa mtafiti wa ala kama hizo alama ya tupa, mchoro wa mhuri na makali ya kingo ya kibonyezo ni maandishi ya fundi, na kila unapokisugua unafuta herufi. Ndiyo maana wahifadhi wa fedha huzuia salfa isifike kabla ya kufikiria kuiondoa, na wakilazimika kuondoa weusi hutumia chaki laini sana, mara chache, kwa mkono mwepesi. Mpigaji si makumbusho, ala yake ni ya kazi, na hakuna anayemwomba aiache ichakae. Lakini fedha yake na fedha ya Edinburgh ni metali moja.

Kwa hiyo mwenye klarineti yenye vibonyezo vya fedha afute vidole na vibonyezo kwa kitambaa kikavu cha pamba kila amalizapo kupiga, aukaushe mdomo wa eboniti na kuuweka kwenye mfuko wake mbali na vibonyezo, aweke tone la mafuta kwenye maungio mara chache kwa mwaka, na weusi auache. Fedha ikichujuka hadi aloi ikaonekana na vidole vikaanza kuwasha, huo ndio wakati wa kumpelekea fundi avichovye vibonyezo upya, si kabla. Dawa ya kung'arishia ibaki kwa vifungo vya sare.